Kaisari Augusto: Mtawala wa Roma aliyesumbuliwa na ngozi na upepo

Jina la Kaisari Augusto unalisikia kila Krismasi. Ndiye aliyetoa amri ya watu kuhesabiwa, Yosefu na Mariamu wakafunga safari kwenda Bethlehemu. Akishatajwa hapo mwanzoni basi, hatajwi tena. Habari zinahamia kwa mtoto na wachungaji. Mimi nilikulia katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, upande wa Mpanda, Tanzania, na kila Desemba nililisikia jina hilo nikidhani ni la mtu wa hadithini. Nilikuja kumfahamu baada ya kurudi Burundi mwaka 2008, nilipopangiwa kufundisha historia na ikanilazimu kuisoma upya kwa Kifaransa, lugha ambayo kule nilikosoma sikufundishwa hata salamu yake.

Sababu ya kumwandika leo ni msichana mmoja wa darasa langu, hapa Nyanza-Lac. Ana ugonjwa ambao Tanzania tuliuita pumu ya ngozi, wengine husema ukurutu, na madaktari wetu hapa huuita egzema. Unamshika ndani ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Ngozi inakauka, inapasuka, inatoa maji, na mwasho wake haumwachi alale. Kiangazi cha mwaka jana hali ilimzidi hadi usoni. Wenzake wakahama dawati lake mmoja mmoja. Mzazi mmoja akanijia shuleni na ombi kwamba mtoto huyo akae peke yake nyuma, maana ataambukiza wengine. Na akaongeza, bila haya, kwamba ugonjwa huo ni wa wakimbizi, umevushwa mpakani pamoja na magodoro.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na ngozi hiyo hiyo hadi nilipofika kidato cha pili. Kesho yake nilifunga kitabu cha darasani, nikawaeleza wanafunzi habari za Augusto.

Alizaliwa Roma tarehe 23 Septemba mwaka 63 KK, akaitwa Gaius Octavius. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Akalelewa na bibi yake Julia, dada wa Julius Caesar, na bibi huyo alipofariki mtoto wa miaka kumi na miwili ndiye aliyesimama kutoa hotuba ya mazishi mbele ya watu. Alikuwa mtoto wa kuuguaugua. Caesar alipokwenda vitani Hispania, kijana alishindwa kufuatana naye kwa sababu ya ugonjwa. Akaondoka baadaye, akiwa hajapona sawasawa, meli ikavunjika njiani, akapita katikati ya maadui na watu wachache tu hadi akamfikia. Mzee alipendezwa naye mno.

Machi mwaka 44 KK Caesar aliuawa. Kijana alikuwa na miaka 18, yuko ng'ambo ya bahari akisoma katika mji wa Apollonia, ambao leo uko Albania. Wosia ukafunguliwa: amefanywa mwana na mrithi. Mama yake na baba yake wa kambo walimshauri aukatae urithi ule, una hatari. Akavuka bahari akarudi. Ndugu zangu mliorudi, safari ya namna hiyo mnaijua. Unafika kwenu na haki yako mkononi, unakuta mali ya marehemu imekwisha kukaliwa. Fedha na nyaraka za Caesar zilikuwa mikononi mwa Marcus Antonius, jemadari mtu mzima, ambaye alimwona kijana huyu ni mtoto mgonjwamgonjwa wa kupuuzwa.

Hapa sitaki kumpamba. Mwaka 43 KK aliungana na huyo huyo Antonius na mwenzao Lepidus, wakaandika orodha za watu wa kuuawa na mali zao kuchukuliwa. Mwanasheria na msemaji mkuu Cicero, aliyekuwa amemsaidia, alikuwa mmoja wa waliouawa. Kisha ardhi ya miji 18 ya Italia ikatengwa wapewe askari waliomaliza vita, na wakulima wakafukuzwa mashambani mwao wakiwa hai. Nikifika hapo darasani kwangu huwa pananyamaza, kwa kuwa nusu ya watoto wale wamekulia katika nyumba yenye kesi ya shamba.

Mwili wake haukulingana na makuu yake. Mwaka 42 KK, katika vita vya Filipi dhidi ya waliomuua Caesar, alikuwa mgonjwa. Kambi yake ilitekwa, naye akanusurika kwa kuwa alikuwa ameondolewa mapema. Vita vyake vikubwa vilipiganwa na rafiki yake wa ujana, Marcus Agrippa. Ndiye aliyeshinda baharini huko Actium mwaka 31 KK, na mwaka uliofuata Antonius na malkia Cleopatra wakajiua Misri. Mwaka 27 KK baraza la wazee wa Roma likampa Octavius jina la Augusto, na tangu hapo alikuwa bwana wa nchi zote zilizozunguka Bahari ya Kati.

Sasa tuingie chumbani kwake, maana ndiko nilikotaka kukufikisha.

Habari za mwili wake tunazipata kwa Suetonius, karani wa ikulu ya Roma aliyeandika kama miaka mia moja baada ya kifo chake. Alikuwa mtu wa kupenda mambo madogo madogo ya wakubwa, na kwa tabia hiyo sisi tunamshukuru. Anasimulia kwamba Augusto alikuwa na alama kifuani na tumboni, zimepangika kama nyota za Dubu Mkubwa. Mbali na hizo, alikuwa na mabaka mengi ya ngozi ngumu yanayofanana na choa. Hayakuwa choa. Yalitokana na mwasho wa mwili na kujikwangua mno na mara kwa mara. Warumi hawakuoga kwa sabuni. Walijipaka mafuta, kisha wakakwangua mafuta na taka kwa kifaa cha chuma kilichopinda kama mundu mdogo. Kaisari alikuwa akijikuna kwa chuma.

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinisugua kwa jiwe na sabuni ya kufulia, akiamini kwamba yale ni uchafu uliogandamana. Kadiri alivyosugua ndivyo ngozi ilivyozidi kuwa nene na nyeusi. Madaktari wanaeleza kwamba ndivyo inavyokuwa: ngozi ikikunwa kila siku hujikaza, inafanya sugu, na sugu nayo inawasha.

Suetonius anaendelea. Kila mwaka, kwa majira yake, Augusto alipatwa na maradhi yale yale. Masika ya Ulaya yakianza, yaani miti na nyasi zinapochanua, alivimbiwa chini ya mbavu na kubanwa. Karibu na siku yake ya kuzaliwa, Septemba, alijisikia vibaya tena. Na upepo wa kusini ukivuma, mafua yalimshika. Upepo huo wa kusini Waitalia wa leo wanauita scirocco, unatoka upande wa Afrika, unavuka bahari na mara nyingi unabeba vumbi la jangwa la Sahara hadi juu ya paa za Roma.

Ngozi inayowasha, kifua kinachobana kwa majira, mafua yanayokuja na upepo. Mwaka 1985 daktari wa ngozi wa Ujerumani, Johannes Ring, aliyaweka matatu hayo pamoja na kuandika kwamba katika ukoo wa Augusto tunaona familia ya kale kuliko zote iliyoandikwa kuwa na mzio wa kurithi: ukurutu, pumu na mafua ya chavua, mambo ambayo mara nyingi hutembea pamoja nyumba moja. Ni hukumu ya mtu anayesoma maandishi bila kumgusa mgonjwa, na mimi naipokea hivyo. Lakini ukitazama jinsi Augusto alivyoishi, utaona mtu aliyeujua mwili wake.

Alioga kwa nadra. Alipendelea kupakwa mafuta na kutokwa jasho mbele ya moto, kisha kumwagiwa maji ya uvuguvugu, au maji yaliyoachwa juani yakapata joto. Mbali na lile kwangulio la chuma, huo ndio ushauri anaopewa mgonjwa wa ukurutu leo: usikae majini muda mrefu, maji yasiwe ya moto, na mafuta yasikose mwilini. Hakuvumilia jua, hata la kipupwe. Hakutembea nje bila kofia ya ukingo mpana, hata uani kwake. Kiangazi alilala milango wazi, mara nyingi barazani karibu na maji yanayoruka, na mtu akimpepea. Safari za nchi kavu alibebwa kwa machela, polepole, na aghalabu usiku. Mji wa jirani wa Praeneste alitumia siku mbili kuufikia. Palipokuwa na njia ya maji, alichagua kwenda kwa bahari. Mfanyabiashara anayesafiri nyuma ya lori kutoka Manyovu hadi Mugina wakati wa kiangazi ataelewa kwa nini. Baharini hakuna vumbi la kwato, wala shamba lililochanua.

Na jambo moja lilinishangaza. Alilala chumba kimoja katika kilima cha Palatino kwa zaidi ya miaka 40, kipupwe na kiangazi, ingawa alikuwa ameona kwamba hewa ya mjini haimfai wakati wa baridi. Lakini akiugua, hakulala humo. Alikwenda kulala nyumbani kwa rafiki yake Maecenas. Wakati wa baridi alijifunika kanzu nne, joho zito juu yake, shati la ndani, sufu ya kifuani na vitambaa vya mapajani na miguuni. Sufu kwa ngozi kama ile ni kama upupu. Hapo alijidhuru bila kujua.

Je, hewa inaingiaje katika habari za ngozi? Swali hilo aliniuliza mwanafunzi wa nyuma kabisa, na ni swali zuri. Mafua na pumu tunaelewa, mtu anavuta pumzi. Lakini ngozi haivuti pumzi.

Kazi ilianza na mtu aliyejijaribu mwenyewe. Charles Blackley, tabibu wa Manchester huko Uingereza, aliyeteswa na mafua ya majira ya nyasi, aliikwaruza ngozi ya mkono wake na kupaka chavua, ule unga wa maua. Pakavimba na kuwasha. Alichapisha matokeo yake mwaka 1873. Neno aleji lenyewe lilibuniwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna. Mwaka 1964, huko Leiden, Uholanzi, ikabainika kwamba katika vumbi la nyumba kinachowasumbua wengi ni utitiri, mdudu wa kiasi cha theluthi moja ya milimita, asiyeonekana kwa macho, anayekula magamba ya ngozi tunayoangusha kitandani. Kinyesi chake kikikauka kinakuwa unga, unapeperuka tukitandika au kukung'uta godoro, na ndani ya unga huo mna kimeng'enya chenye uwezo wa kuulegeza ukuta wa ngozi.

Ukuta huo ndio penye siri. Ngozi nzima ni kama ukuta uliopigwa lipu. Ngozi ya ukurutu lipu yake ina nyufa: maji ya mwili yanatoka, na vitu vya hewani vinaingia. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba kwa Wazungu wengi wenye ugonjwa huu kuna kasoro ya kurithi katika protini iitwayo filagrini, ambayo ni kama saruji ya ukuta ule. Kwetu Waafrika kasoro hiyo hasa haionekani sana, ila nyufa zipo vile vile. Kinga ya mwili ikikutana na wageni hao chini ya ngozi inawapiga kama maadui, na vita hivyo ndivyo wekundu na mwasho tunaouona. Mwaka 2015 Wajerumani waliwaweka wagonjwa wa ukurutu katika chumba chenye hewa iliyotiwa chavua ya nyasi. Ngozi yao ilizidi kuharibika, na hasa sehemu zilizokuwa wazi kuliko zilizofunikwa na nguo. Ngozi haivuti pumzi, lakini hewa inaigusa mchana kutwa.

Niseme pia upande wa pili, kwa sababu nimeona watu wakitupa magodoro mazima kwa kusikia nusu ya habari. Si kila mwenye ukurutu anadhuriwa na vitu vya hewani. Wapo ambao chanzo kikubwa ni sabuni, joto, jasho au wasiwasi, na kupambana na utitiri peke yake kumewasaidia baadhi tu. Ila jambo moja halina ubishi: ugonjwa huu hauambukizi, kwa kulala pamoja wala kwa kuazimana daftari.

Turudi Roma. Mwaka 23 KK Augusto aliugua hadi akakata tamaa, akamkabidhi Agrippa pete yake ya muhuri. Dawa za moto zilishindwa. Tabibu mmoja, Antonius Musa, aliyekuwa mtumwa aliyepewa uhuru, akageuza mambo: akamwogesha maji baridi na kumnywesha baridi. Mgonjwa akapona. Musa akajazwa fedha, akaruhusiwa kuvaa pete ya dhahabu, sanamu yake ikasimamishwa kando ya mungu wa uganga. Mwaka huo huo akaugua Marcellus, mpwa na mkwe wa Augusto, kijana aliyetarajiwa kurithi. Musa akampa baridi ile ile. Marcellus akafa.

Kisa hicho nawasimulia zaidi akina mama na vijana wanaouza krimu mpakani. Miaka kadhaa iliyopita mchuuzi mmoja aliniuzia tyubu ya kupaka, akaapa kwamba imemponya shemeji yake kwa siku tatu. Kweli mwasho ulikoma upesi. Nilipaka miezi mitano, ngozi ya mkono ikawa nyembamba kama karatasi ya msokoto, na nilipoacha ukurutu ulirudi na nduguze. Baadaye hospitali wakanieleza: ilikuwa steroidi kali, dawa halali na nzuri ikipimwa na mganga kwa siku na mahali pake, si ya kupaka usoni kwa mtoto mwezi baada ya mwezi. Yule mchuuzi hakuwa mwongo kuhusu shemeji yake. Musa naye hakuwa mwongo kuhusu Kaisari.

Augusto aliyekatiwa tamaa akiwa na miaka 39 aliishi mingine 36. Alimzika Agrippa, akawazika wajukuu wawili aliowafanya wana, akampeleka binti yake pekee uhamishoni katika kisiwa kidogo mwaka 2 KK kwa kashfa ya uzinzi, na hakumsamehe kamwe. Alihesabu raia mara tatu. Hesabu ya mwisho, mwaka 14 BK, ilifikia 4,937,000. Katika sanamu zake zote ni kijana mwenye ngozi laini. Wachongaji walijua cha kuacha.

Kiangazi cha mwaka huo wa 14 alisafiri kwa njia ya bahari pwani ya Campania, akapumzika siku chache kisiwani Capri, mahali alipopapenda. Aliporudi bara aliishiwa nguvu akiwa Nola. Siku ya mwisho aliomba kioo, akataka nywele zake zichanwe. Akafariki tarehe 19 Agosti katika chumba alichofia baba yake, akikosa mwezi mmoja na siku chache kutimiza miaka 76. Mwezi wenyewe tayari ulikuwa umepewa jina lake, tangu mwaka 8 KK.

Wanafunzi walicheka sana waliposikia kwamba Agosti, mwezi wetu wa vumbi, ni mwezi wa mtu aliyesumbuliwa na upepo. Msichana yule hakucheka. Aliuliza kama Kaisari alilala usiku. Nikamjibu ilivyoandikwa: usingizi wake ulikatika mara tatu au nne, na asipoupata tena aliita mtu wa kumsomea au kumsimulia hadithi.

Mama yake alikuja wiki iliyofuata. Tulikubaliana jiwe liachwe, aogeshwe haraka kwa maji ya uvuguvugu, apakwe mafuta mazito kabla mwili haujakauka, shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, godoro litolewe juani kila Jumamosi na likung'utwe mbali naye. Zahanati wakampa dawa ya kupaka kwa siku walizomhesabia. Shingo imetulia, viwiko bado vinamsumbua lori likipita. Yule mzazi aliyeniletea ombi hajarudi. Mwanawe sasa anakaa dawati moja na msichana, kwa kuwa ndiye anayemfundisha hesabu.